Sabufa, Spika na Kipaza Sauti: Uhakiki wa Istilahi za Vyombo vya Sauti vya Gari

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi ina hatari moja ambayo wanaoifanya hawaioni upesi. Istilahi huzaliwa mezani, lakini huishi mahali pengine. Mezani kuna kamusi, kuna kikao na kuna muda wa kubishana. Mahali pengine kuna mteja anayesubiri, fundi mwenye bisibisi mkononi, na kitu kilichoharibika ambacho hakina budi kutajwa kwa jina ili kipate kushughulikiwa. Istilahi isiyofika huko haijawa istilahi, ingali pendekezo.

Makala haya yanahakiki ukurasa mmoja wa rasimu ya istilahi za ufundi wa magari, nao ni ukurasa unaohusu vyombo vya sauti. Yafaa tukiri tangu mwanzo kwamba rasimu hiyo tuliiandaa sisi wenyewe, na kasoro tutakazozitaja ni zetu. Tulikwenda nayo Bugarama, katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Tuliichagua Bugarama kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali penye watu waliotoka kila upande kufuata dhahabu, na kwa hiyo Kiswahili cha karakana zake hakina kabila wala mkoa. Pili, gari lililotuchukua lilikuwa na sabufa iliyokuja nalo kutoka Japani, na sabufa hiyo ilikuwa imechakaa. Tuliona kwamba hapana mtihani bora wa rasimu kuliko kumpa fundi kazi halisi, kisha kusikiliza anavyosema.

Wapo watakaouliza kama muziki wa gari ni jambo la kushughulikiwa na wataalamu wa lugha. Jibu letu ni kwamba ukanda huu wa dhahabu ulikwisha kutufundisha uzito wa majina. Machi 2017, Serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa shehena kutoka migodini, na makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam, wananchi wengi walikuwa wakisema "mchanga wa dhahabu". Jina hilo lilimfanya msikilizaji afikirie udongo tu, ilhali kilichokuwa ndani ya makontena kilikuwa kimekwisha kupita kiwandani, kikasagwa na kuchujwa. Neno "makinikia" liliposikika redioni na bungeni, lilileta pamoja nalo maarifa ambayo neno "mchanga" liliyaficha. Jina likiwa baya, hata mabishano juu ya kitu chenyewe huenda kombo. Hali ni hiyo hiyo katika mambo madogo.

2. Kipaza sauti: jina moja, vyombo viwili

Kasoro ya kwanza ya rasimu yetu ilikuwa katika neno tulilolidhania kuwa salama kuliko yote. Tulikuwa tumeandika "kipaza sauti" kwa chombo kinachotoa sauti. Ukurasa uliofuata, katika sehemu ya simu za garini, tulikuwa tumeandika "kipaza sauti" tena kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji. Hatukugundua jambo hilo mpaka fundi alipotuuliza, "Walimu, hiki ni cha kusemea au cha kusikilizia?"

Swali hilo si la utani. Tunalo tukio moja tulilolishuhudia katika ofisi moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Ofisi hiyo ilikuwa na gari la matangazo, lile lenye tarumbeta juu ya paa. Tarumbeta ilipopasuka, mtumishi mwadilifu aliandika kwa Kiswahili fasaha kwamba "kipaza sauti cha gari kimechakaa na kinahitaji kubadilishwa". Ombi lilipita mikono mitatu, likaidhinishwa, na kikanunuliwa kile cha kushika mkononi na kusemea. Tarumbeta iliendelea kupasuka, na tangazo la chanjo lililokuwa likingojewa vijijini likachelewa. Hapakuwa na mwizi wala mzembe katika safari ya hati ile. Kila mtu alisoma neno lile lile, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuelewa alivyoelewa.

Kwa maana ya mzizi wake, "kupaza sauti" ni kuipandisha isikike mbali. Kazi hiyo haifanywi na chombo kimoja. Kimoja huipokea sauti na kuigeuza kuwa umeme, cha pili huukuza umeme huo, na cha tatu huugeuza kuwa sauti tena. Kwa hiyo neno "kipaza sauti" halina kosa. Kosa ni letu tunaolipa kazi ya sehemu wakati lingefaa zaidi kwa mtambo mzima. Mafundi wamekwisha kugawa kazi hiyo bila kutungojea. Husema "maiki" kwa cha kwanza, "amplifaya" kwa cha pili na "spika" kwa cha tatu.

Kuna hoja iliyowahi kutolewa dhidi ya neno "spika", kwamba litachanganywa na Spika wa Bunge. Hoja hii haina nguvu katika lugha yenye ngeli. Spika wa Bunge *amesimama*. Spika ya gari *imesimama*. Upatanisho wa kisarufi hulinda maana kwa namna ambayo lugha nyingine haziwezi, na ni ajabu kwamba sisi tunaofundisha ngeli darasani huzisahau tunapounda istilahi.

3. Sabufa, besi au vumi

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Spika kubwa inayotoa sauti nzito peke yake, kwa kawaida kuanzia kama hezi 20 hadi 200, huitwa na watu "sabufa". Neno hili limeenea kwanza kwa redio za nyumbani, ambako mara nyingi hutaja seti nzima: boksi kubwa pamoja na vispika vyake. Anayesema "nimenunua sabufa" mara nyingi amenunua redio yote. Hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa ndani ya gari sabufa ni kile kimoja tu, ama chini ya kiti, ama mlangoni mwa nyuma, ama kwenye buti.

Katika rasimu tulikuwa tumeandika "kipaza sauti cha mvumo wa chini". Tulilisoma kwa fundi. Alinyamaza kidogo, akaomba tulirudie. Istilahi inayoombwa irudiwe imekwisha kushindwa nusu ya kazi yake, na hii ilikuwa na kasoro ya pili kwamba "mvumo wa chini" huweza kueleweka kuwa ni sauti iliyopunguzwa.

Mwenzetu mmoja alikuwa amependekeza neno "vumi". Tunakiri kwamba pendekezo hilo lilituvutia sana, na bado linatuvutia. Vumi ni ngoma kubwa yenye sauti nzito, inayojibizana na chapuo, ngoma ndogo yenye sauti nyembamba. Watu wa pwani walikwisha kuyagawa masafa ya sauti baina ya vyombo viwili kabla umeme haujafika. Neno lipo, ni fupi, ni letu, na maana yake inakaribiana na ya chombo hiki kuliko neno lolote la kigeni. Kwa kigezo cha kutumia hazina ya Kiswahili kwanza, ambacho ni mazoea ya vikao vyetu, "vumi" lilistahili nafasi ya juu.

Hata hivyo, hazina ya lugha si lazima iwe hazina ya kila msemaji. Bugarama iko katika nchi ya ngoma. Wasukuma wana ngoma kubwa na ndogo, na wanazo sauti zao. Lakini neno "vumi" fundi wetu hakulijua, wala hakulijua mteja aliyekuwa ameketi kando. Walipoelezwa walilipenda, kama watu wanavyopenda hadithi. Kisha fundi, ambaye Jumapili huimba kwaya, alisema, "Kumbe ndiyo sauti ya nne ya gari." Kila aliyekuwapo akaelewa mara moja.

Maneno hayo yametufunza kuliko vikao viwili. Kwaya zetu za makanisani zimezoea kupanga sauti kwa namba, ya kwanza hadi ya nne, na hiyo ya nne huitwa pia "besi". Kwa njia hiyo "besi" limeingia vijijini kwa wimbo, wala si kwa duka, na limekwisha kuwa neno la Kiswahili kwa wale wasiojua kwamba lilitoka kwingine. Kwa hiyo hatuna haja ya kuchagua baina ya neno geni na neno tusilolijua. Lipo neno la tatu.

Uamuzi wetu ni huu. Chombo kiitwe "spika ya besi" katika hati na vitabu, na "sabufa" ikubaliwe kuwa kisawe chake katika usemi. "Vumi" lisitupwe, liwekwe katika kamusi za muziki mahali pake pa haki. Tukumbuke kwamba "kiyoyozi" kilipokewa na kwamba "tarakilishi" haikuweza kuiondoa "kompyuta" hapa nchini. Ubora wa muundo peke yake haukutosha katika habari hizo mbili. Neno huhitaji pia kufika kabla kiti hakijakaliwa.

4. Sehemu za spika, na hatari ya kutafsiri sitiari

Spika ya koili na sumaku, ambayo Chester Rice na Edward Kellogg waliieleza nchini Marekani mwaka 1925, haijabadilika sana katika misingi yake. Umeme hupita katika koili iliyo ndani ya uwazi wa sumaku. Koili husukumwa mbele na nyuma. Karatasi iliyoshikamana nayo huisukuma hewa. Karatasi hiyo imeshikwa mahali pawili: ukingoni kwa duara la sponji au mpira, na kwa nyuma kwa kitambaa chenye mikunjo kinachoizuia koili isiende pembeni.

Kiingereza kiliipa mikunjo hiyo ya kitambaa jina la mdudu afumaye utando. Nasi, kwa utii usio na sababu, tukaandika "buibui". Karakana nzima ilicheka, maana kwa Mswahili buibui ni mdudu, na ni vazi jeusi la akina mama, na hakuna hata kimoja kinachofanana na kitambaa cha manjano chenye mikunjo. Fremu ya chuma tuliiita "kikapu" kwa sababu hiyo hiyo. Karatasi tuliiita "pia", kwa kuwa ndilo jina lililotumika shuleni kwa umbo lenye ncha. Fundi akauliza iwapo tunazungumzia pia ya watoto ya kuchezea.

Kosa hapa ni moja, ingawa limejitokeza mara tatu. Jina la kigeni la sehemu hizi ni sitiari, na sitiari ni mali ya wale walioifananisha. Anayetafsiri sitiari neno kwa neno huhamisha mfano na kuiacha maana. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza: sehemu hii inafanya nini, au imetengenezwa kwa nini? Mafundi huuliza hivyo bila kufundishwa. Husema "karatasi", "sponji", "kitambaa", "koili", "sumaku" na "fremu". Majina manne kati ya hayo hutaja kitu kilivyo kwa macho, na hata mteja asiyejua ufundi huweza kukionyesha kwa kidole. Twaona hapana sababu ya kuyakataa kwa kuwa ni mepesi mno. Wepesi si ukosefu wa usanifu.

5. Vitenzi vilivyosahauliwa

Kasoro kubwa kuliko zote hatukuiona katika yale tuliyoyaandika, bali katika yale tuliyoyaacha. Rasimu yetu ilikuwa na majina matupu. Haikuwa na kitenzi hata kimoja.

Fundi hakuanza kazi kwa majina. Aliwasha redio, akasikiliza, akasema, "Inakoroma, haikwaruzi." Tulimwomba afafanue. Spika *inakoroma* sponji inapochanika au kuoza, kwa kuwa karatasi hukosa mshiko na hutikisika ovyo. Spika *inakwaruza* koili inapogusa sumaku, ama kwa kukaa upande, ama kwa vumbi lililoingia. Spika *imekufa* koili inapokatika au kuungua, na hapo haitoi kitu. Vitenzi vitatu, magonjwa matatu, matibabu matatu. Hakuna istilahi yoyote katika ukurasa wetu iliyokuwa na usahihi wa kiasi hicho.

Usahihi huo una thamani ya fedha. Sponji ya spika huoza kwa umri na joto hata kama spika haikutumika vibaya, na gari lililofika hapa likiwa limekwisha kutumika miaka mingi Japani huja na sponji ya umri huo huo. Spika inayokoroma kwa kawaida koili yake ni nzima. Fundi aliifungua yetu, akaibandua sponji iliyokuwa ikimeguka kama mkate mkavu, akasafisha gundi ya zamani, akaigusisha betri ndogo ya tochi kwa nukta moja ili aone karatasi ikiruka. Kisha akabandika duara jipya, akaiweka koili katikati kwa vipande vya karatasi ngumu, akaiacha gundi ikauke, na mwisho akaisukuma kwa vidole polepole huku ametega sikio asisikie mkwaruzo. Kazi ikawa imekwisha. Lau tungejaza hati kwa maneno ya rasimu yetu, tungeandika "mbovu", na mbovu hununuliwa nyingine.

Hapa tunafika kwenye vitenzi viwili ambavyo watumishi wa umma huviandika kila siku: "kutengeneza" na "kubadilisha". "Kutengeneza" ni kuunda kitu kipya, na pia ni kukiponya kilichoharibika. "Kubadilisha" ni kuweka kipya mahali pa cha zamani, na pia ni kukigeuza kile kile kiwe namna nyingine. Katika mazungumzo, muktadha huokoa. Katika hati ya udhamini au mkataba wa matengenezo, muktadha haupo. Lipo neno tu, na upande wenye nguvu zaidi ndio utakaolifasiri. Mteja aliyeahidiwa kwamba spika yake "itabadilishwa" hana njia ya kudai mpya akirudishiwa ile ile iliyotiwa gundi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba hati zitumie "kukarabati" pale kitu kile kile kinapoponywa, na "kuweka mpya" au "kuweka iliyotumika" pale kinapoondolewa. Maneno mawili badala ya moja si hasara ikiwa yanazuia kesi.

Vilevile tuliandika "spika ya kiwandani" kwa spika iliyofungwa tangu gari lilipoundwa. Karibu na migodi na viwanda vya pamba vya ukanda huu, msikilizaji huweza kudhani ni spika inayotumika kiwandani. Wenyeji husema "iliyokuja na gari". Hatujapata maneno bora kuliko hayo.

6. Neno "nguvu" na namba zake

Panapohitajika kuweka mpya, lugha hukutana na namba, na ajali za hapo ni ghali. Mteja huomba spika "yenye nguvu". Neno "nguvu" katika Kiswahili hubeba msuli, umeme, ukali wa sauti na mamlaka. Muuzaji humwonyesha namba kubwa ya wati iliyochapwa kwenye boksi, na mteja huridhika.

Lakini jambo la kwanza la kulinganisha ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ikiwa amplifaya iliyokuja na gari iliundwa kwa spika ya omu 4, nayo ikafungiwa ya omu 2, mkondo wa umeme huongezeka mara mbili kwa volti zile zile, na amplifaya hupata joto na huenda ikaungua. Fundi hupima koili kwa mita. Spika ya omu 4 kwa kawaida husoma pungufu kidogo ya 4, na iliyokatika haisomi. Baada ya omu huja kipenyo, kina cha sumaku na ukubwa wa boksi. Wati hufuata nyuma.

Rasimu yetu ilikuwa na "nguvu" kwa wati na "uzito" kwa omu. La pili halina utetezi wowote. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vimezoea "ukinzani" siku nyingi, na kuunda jingine ni kumfanya mwanafunzi asahau karakanani alichojifunza darasani. Tunawaomba walimu watusaidie hapa kuliko mahali pengine popote, kwani neno la darasani likimfikia fundi, humlinda mteja.

7. Mapendekezo na hitimisho

Baada ya uhakiki huu tunaufuta ukurasa wetu na kupendekeza yafuatayo:

(a) "Kipaza sauti" litumike kwa mtambo mzima tu. Sehemu zake ziitwe maikrofoni, amplifaya na spika.
(b) "Spika ya besi" iwe istilahi ya hati, na "sabufa" kisawe chake.
(c) Sehemu za spika ziitwe karatasi, sponji, kitambaa, koili, sumaku na fremu.
(d) Kukoroma, kukwaruza na kufa viingizwe katika orodha, kila kimoja na maelezo ya hitilafu yake.
(e) Hati zitofautishe kukarabati, kuweka mpya na kuweka iliyotumika.
(f) "Ukinzani" litumike kwa omu. "Nguvu" lisiandikwe peke yake bila kipimo.

Mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko walituandikia kiongozi cha uundaji wa istilahi, nacho kingali kinatufaa. Hatudai kuongeza kanuni mpya. Tunadai tu kwamba orodha yoyote ya ufundi, kabla haijafika kwenye kikao cha usanifishaji, ipelekwe kwanza mahali kazi inapofanyika, na ipelekwe ikiwa na kitu kilichoharibika.

Tuliondoka Bugarama jioni. Redio ilikuwa imewashwa, na sauti ya nne ilikuwa imerudi mahali pake. Fundi alikuwa ameandika katika daftari lake neno moja mbele ya tarehe: "sponji". Katika ukurasa wetu wote hapakuwa na istilahi iliyoieleza kazi ile kwa ukamilifu kuliko hiyo.